Mdogo wangu anataka prosesa mpya, mie nasema tupime kwanza

SEHEMU YA 1

Najua wengi mnanifuata kwa habari za presha, chanjo na lishe ya wajawazito. Leo mtanistahamilia, nazungumzia kompyuta ya gemu. Wanaonijua wanajua: nikitoka zamu ya usiku silali moja kwa moja, lazima nicheze kidogo mpaka kichwa kitulie. Nyumba nyengine wanatazama tamthilia za Kituruki, sie tuna kompyuta.

Sasa upatu wangu unatoka mwezi huu. Mdogo wangu, ambaye kompyuta ile ni yetu sote wawili, ameshanipigia hesabu: zaidi ya theluthi ya fedha hiyo iende kwenye prosesa, i7-4790 iliyotumika, ya kuletwa kwa boti kutoka Unguja. "Dada, hii i5 imezeeka, ndo maana gemu zinakwama." Muuzaji kamwambia akiitia hiyo, kompyuta itakuwa mpya ndani ya boksi la zamani.

Mie nimekataa. Nataka nieleze kwa nini, kwa sababu suali hilihili nimeulizwa na vijana wengine wawili, mmoja wa Konde na mmoja wa Wete, na jawabu langu kwao silo moja.

SEHEMU YA 2

Kwanza mjue tunazungumzia mashine gani. Ni Dell OptiPlex 7020, zile nyeusi za maofisini. Mashine za namna hii zinaendeshwa ofisini nchi za nje miaka kadhaa, zinatolewa kwa jumla, halafu unazikuta Kariakoo na Darajani. Ndani ina i5-4590 ya mwaka 2014, RAM GB 8, na kadi ya grafiki GTX 1050 Ti tuliyoitia wenyewe. Tuliichagua kadi hiyo kwa sababu inakula wati 75 tu na inazipata kwenye tundu lake la madabodi, haihitaji waya wa ziada. Pawa saplai ya mashine hizi ni ndogo na plagi zake si za kawaida, huwezi kwenda dukani ukanunua yoyote ukaichomeka. Hilo likumbukeni, litarudi.

Malalamiko yalikuwa haya: PES 2021 inakwenda vizuri mechi ya kwanza, mechi ya pili inaanza kukwama. GTA V ukiwa nje ya mji ni sawa, ukiingia mjini inakatika katika. Witcher 3 ni nzito kila pahala.

Mtu akisikia hayo matatu anasema prosesa. Lakini sie kazini mtoto akiletwa na homa hatumpi dawa ya malaria kwa kumtazama uso. Anatobolewa kidole, tunasubiri dakika 15 mpaka 20, tunasoma kipimo. Zanzibar malaria imeshuka mpaka chini ya asilimia 1, kwa hiyo homa nyingi tunazoziona ni kitu chengine kabisa. Mama anaweza akachukia kuwa mtoto hakupewa dawa aliyoizoea, lakini ndo hivyo. Basi na kompyuta nilimwambia mdogo wangu: hakuna fedha inayotoka kabla ya kipimo.

SEHEMU YA 3

Kipimo chenyewe ni bure. Kuna programu inaitwa MSI Afterburner, inakuja pamoja na mwenzake RivaTuner. Ukiziwasha zinakuandikia pembeni mwa skrini, huku unacheza, namba unazozitaka. Mie naangalia nne: kadi ya grafiki inatumika asilimia ngapi, kila kiini cha prosesa kinatumika asilimia ngapi, joto, na prosesa inakwenda kwa spidi gani kwa wakati ule.

Kusoma ni rahisi. Kadi ikiwa 97 mpaka 99 muda wote, basi kadi ndiyo inayosubiriwa. Ukitia prosesa ya malaika haiongezeki kitu, maana prosesa imeshamaliza kazi yake na imekaa inaingojea kadi. Ikiwa kadi iko 50 au 60 huku viini vya prosesa vimejaa, hapo prosesa ndiyo inayochelewesha. Na ikiwa vyote viwili vina nafasi na gemu inakwenda fremu 60 kwa sekunde bila kutetereka, huna mgonjwa, umeona video tu ukatamani.

Asiyetaka programu ana njia nyengine ya kienyeji. Ingia kwenye gemu, shusha ukubwa wa picha kutoka 1080 mpaka 720. Fremu zikipanda sana, kadi ndiyo iliyokuwa imelemewa, kwa sababu kazi uliyoipunguza ni ya kuchora. Zikibaki palepale, ni prosesa, kwa sababu yeye kazi yake haikupungua: watu wa barabarani, magari, mpira unavyodunda, vyote vinahesabiwa vilevile picha ikiwa kubwa au ndogo.

Na msiangalie wastani peke yake. Fremu 60 kwa sekunde maana yake kila fremu ina milisekunde 16 na kitu. Ikitokea moja imechukua 80, wastani hauioni, jicho linaiona. Kule kukwama anakokulalamikia mdogo wangu ndo huko. Kwa hiyo anayekwambia "mie napata 55" muulize: inapokwama inashuka ngapi?

SEHEMU YA 4

Hapa niseme neno kuhusu zile video za kulinganisha prosesa, kwa sababu ndizo zinazowatoa vijana fedha mfukoni.

Yule anayepima prosesa anachukua kadi kubwa kuliko zote sokoni, ya bei ya boti na mashine yake, halafu anacheza kwa picha ya 1080 au chini ya hapo. Anafanya hivyo makusudi na anafanya sahihi: anataka kadi isiwe kikwazo ili tofauti ya prosesa ionekane. Unaona msitari mmoja umefika 90 na mwengine 140. Mtoto wa Tumbe mwenye 1050 Ti anaona 140 na anafikiri ndizo atakazozipata. Hazipati. Kwa kadi yake ile misitari yote miwili ingesimama pamoja, labda 45, kwa sababu kadi ingefika mwisho wake kabla ya prosesa yoyote kuchoka. Video haikusema uongo, ila ilijibu suali la mtu mwengine.

SEHEMU YA 5

Majibu ya kwetu sasa.

PES 2021, mechi ya kwanza: 60 zimesimama, kadi ina nafasi, prosesa ina nafasi. Baada ya kama dakika 20 joto la prosesa likafika karibu na 100, na spidi, ambayo kwa i5-4590 inatakiwa isipungue gigahezi 3.3, ikaporomoka chini ya 2. Hapo ndo kukwama kukaanza. Wapendwa, hiyo si prosesa dhaifu. Hiyo ni prosesa inajiokoa. Ikifika joto lile inajipunguzia mwendo yenyewe isiungue.

Tukafungua boksi. Nyinyi mnaokaa Tumbe mnajua upepo wetu. Nyumba iko karibu na pwani, madirisha wazi, feni inavuta kila kitu: vumbi, nyuzi za mikeka, chumvi ya bahari. Mapezi ya chuma yaliyo chini ya feni ya prosesa yalikuwa yameziba kama chujio la chai. Na ile pesti inayopakwa baina ya prosesa na chuma cha kupozea, ambayo kazi yake ni kupitisha joto, ilikuwa imekauka inabanduka vipande. Ilikuwa pale tangu kiwandani, kwa muonekano wake.

Tulipuliza vumbi nje ya nyumba, feni tumeishika kwa kidole isizunguke ovyo. Pesti ya zamani tuliitoa kwa kitambaa na spiriti (nimenunua dukani kwa fedha yangu, si ya kituo, msianze), tukapaka mpya kiasi cha punje ya mbaazi, tukafunga. Joto kwenye PES sasa linacheza 65 mpaka 70, mechi ya nne ni sawa na ya kwanza. Gharama ni kitubu kimoja cha pesti na asubuhi moja ya Jumapili.

Kwa hiyo gemu ya kwanza imepona bila prosesa. Fikirini kama tungeagiza i7. Kwa kuitia lazima ufungue, usafishe, upake pesti mpya. PES ingepona, na mdogo wangu mpaka anakufa angeapa kuwa i7 ndiyo iliyoiponya.

SEHEMU YA 6

Witcher 3: kadi 99, prosesa inapumua. Hapo hata simalizi maneno. Tumeshusha vivuli na majani, inachezeka.

GTA V mjini: hapa mdogo wangu ana haki yake na nimempa. Viini vinne vyote vimejaa, kadi iko 60 na kitu. Ni prosesa. i5-4590 ina viini 4 na nyuzi 4, yaani kazi nne kwa wakati mmoja basi. i7-4790 ina viini 4 vilevile lakini nyuzi 8, spidi ya juu 4.0 badala ya 3.7, na kumbukumbu ya ndani MB 8 badala ya 6. Zote mbili zimeandikwa wati 84, kwa hiyo pawa saplai yetu ndogo isingelalamika. Ingesaidia GTA? Ingesaidia. Kukwama kungepungua, sibishi.

Lakini kabla ya hapo kuna kitu chengine tulikikuta ndani ya boksi. RAM yetu ya GB 8 ilikuwa kijiti kimoja. Madabodi hii inasoma vijiti viwili kwa pamoja, njia mbili badala ya moja, na prosesa iliyojaa kazi inaihitaji sana njia ya pili. Kijiti cha DDR3 cha GB 8 kilichotumika ni rahisi mbali sana kuliko i7, kwa sababu mashine mpya hazikitumii tena. Tumekitia. Mji wa GTA haujawa laini kabisa, ila ile mikwamo mikubwa imepungua na sasa tuna GB 16.

Kilichobaki cha kununuliwa na i7 ni hicho: kuingia mjini kwenye gemu moja iliyofika kwenye kompyuta mwaka 2015.

SEHEMU YA 7

Sababu yangu kubwa bado sijaisema.

Soketi ya mashine yetu inaitwa LGA1150. i7-4790 na nduguye 4790K ndo karibu na mwisho wa njia, mbele yake ni ukuta. Ukitaka zaidi ya hapo unabadilisha prosesa, madabodi na RAM kwa pamoja, na kwa boksi la Dell hata pawa saplai. Yaani kompyuta nyengine.

Na Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Kuna nyongeza ya mwaka mmoja kwa anayejiandikisha, inaishia Oktoba 2026. Windows 11 kwa upande wa Intel inataka kizazi cha 8 kwenda juu, na TPM 2.0. i5 yetu ni ya kizazi cha 4. i7 anayoitaka mdogo wangu pia ni ya kizazi cha 4! Unatoa theluthi ya upatu na siku ya pili uko nje ya mlango uleule. Wapo wanaoiingiza Windows 11 kwa mlango wa nyuma, inakubali, lakini Microsoft hawakuahidi kuendelea kukupa masasisho, na kompyuta ile ndiyo ninayoingilia akaunti yangu ya benki.

Gemu nazo zinafuata. Valorant ukiwa Windows 11 inataka TPM 2.0 iwashwe, na Battlefield 6 iliyotoka 2025 inataka vilevile. Steam waliacha Windows 7 na 8 Januari 2024, na hakuna anayetegemea Windows 10 itaachwa milele. Hata kadi yetu: NVIDIA walitangaza kuwa 1050 Ti na wenzake wa kizazi hicho hawatapata tena madereva ya gemu mpya baada ya Oktoba 2025, ila ya usalama tu mpaka 2028.

Mashine inazeeka viungo vyote pamoja. Mtu wa namna hiyo humbadilishi goti moja ukamwambia akimbie.

SEHEMU YA 8

Mdogo wangu hakukaa kimya, na msomaji anaijua hoja yake kwa sababu ndiyo ya vijana wote: "Dada, si gemu tu, mie nahariri video za harusi." Kweli anahariri, na Mfungo Mosi ukiingia anapata kazi. Na kweli kutoa video ni kazi inayotumia nyuzi zote, i7 ingemaliza mapema kuliko i5.

Nilikaa naye tukaangalia. Programu yake ilikuwa imewekwa itoe video kwa prosesa peke yake. GTX 1050 Ti ina kipande chake maalumu cha kutengeneza video, na programu nyingi za kuhariri zinakijua, unachagua tu kwenye ukurasa wa kutolea. Alipochagua, muda ulipungua sana kuliko ambavyo i7 ingeweza kuupunguza. Kuna wanaosema ubora unashuka kidogo kwa njia hiyo. Kwa harusi inayotazamwa kwenye simu kwa WhatsApp, bibi harusi hatauona.

SEHEMU YA 9

Sasa yule wa Wete, ambaye nimemwambia anunue.

Yeye ana madabodi ya B450 na Ryzen 5 1600 ya mwaka 2017, kadi yake ni nzuri kuliko yetu, na alipopima kadi ilikuwa inakaa bure 55 mpaka 65. Soketi yake ni AM4. AMD walianza nayo 2016 na mpaka 2024 bado walikuwa wanatoa prosesa zake. Kwa hiyo anaweza kuitoa 1600 akatia Ryzen 5 5600 kwenye ubao uleule, RAM ileile, feni ileile. Zote zina viini 6 na nyuzi 12, zote zimeandikwa wati 65, lakini kila kiini cha 5600 kinafanya kazi nyingi zaidi kwa muda uleule. Na 1600 haimo kwenye orodha ya Windows 11, 5600 imo. Huyo fedha yake inamnunulia spidi na inamnunulia miaka. Kama angekuwa na uwezo zaidi ningemwambia atafute zile zenye X3D mwishoni. 5800X3D ya 2022 ina kumbukumbu ya ndani MB 96, na gemu zinaipenda sana, lakini bei yake kwetu ni ya watu wengine.

Nimemsisitizia moja tu: BIOS isasishwe kwanza, prosesa ya zamani ikiwa bado imo ndani. Ukitia mpya kabla, skrini itabaki nyeusi na utadhani umeuziwa mbovu. Na isasishwe kwenye UPS. Pemba tunapata umeme kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga tangu 2010, alhamdulillah tumetoka kwenye majenereta, lakini dakika tatu za kuandika BIOS si za kubahatisha. Umeme ukikatika katikati, madabodi inaweza kufa palepale, na fundi wa kuifufua yuko mbali na boti mbili.

Yule wa Konde ana i5-6500 na ameona i5-8400 inauzwa, kaambiwa soketi ni moja, LGA1151. Jina ni moja, idadi ya pini ni moja, lakini kizazi cha 8 kinataka madabodi za mfululizo wa 300 na yake si hiyo. Haitawaka. Muuzaji ama hajui ama anajua. Wote wawili wana hatari sawa kwako.

SEHEMU YA 10

Tulichoamua nyumbani: pesti, kijiti cha RAM, na SSD ndogo ambayo tumehamishia Windows na GTA, kwa sababu diski ya zamani ilikuwa inalia kama mashine ya kushonea. Vyote vitatu havikufika bei ya i7. Kilichobaki cha upatu kiko kwa mama, na hakitoki bila ya sie wawili kukubaliana.

Kinangoja mashine nyengine ya ofisini, ya kizazi cha 8 au 9, boksi kubwa la kuingia kadi yetu hii hii mpaka ipatikane nyengine. Mpya ya kujenga wenyewe sitaki hata kuisikia kwa sasa, mwishoni mwa 2025 bei ya RAM mpya ilipanda vibaya dunia nzima kwa sababu viwanda vimeelekeza nguvu kwenye mashine za AI. Iliyotumika inayokuja na RAM yake ndani ndiyo inayotufaa.

Mdogo wangu amekubali nusu. Anasema ile i7 ikishuka bei mpaka ifike bei ya kijiti cha RAM ataitia tu, kwa ajili ya mji wa GTA. Kwa bei hiyo nami nitamchangia.

Wanaotaka niwaangalizie za kwao, msinitumie picha ya boksi wala jina la gemu tu. Chezeni nusu saa, mpige picha skrini mwanzo na mwisho, zionekane asilimia za kadi, viini vyote vya prosesa, joto na spidi. Na mniandikie jina kamili la madabodi. Nitajibu nikitoka zamu, Ijumaa niko mapumziko. Za presha njooni kituoni asubuhi kama kawaida, hizo sizijibu kwa picha.